Mji Uliomfanya Mgonjwa Kuwa Walii

Tumepokezwa na masheikh zetu, nao wakapokezwa na waliowatangulia, na ujuzi kamili uko kwa Mwenyezi Mungu, ya kuwa palikuwa na mji uitwao Sumra katika nchi kavu iliyo nyuma ya milima, na watu wake walikuwa watu wa sala. Naanza kwa kuwasifu kwa sababu wanastahili kusifiwa. Msikiti wao ulijaa alfajiri kama unavyojaa wetu siku ya Idi, na yatima wao hakulala na njaa. Nayasema haya mapema ili utakaposikia walichokitenda usije ukajituliza kwa kusema, "Hao walikuwa waovu, mimi si mwenzao." Walikuwa wema kuliko mimi na wewe, na ndiyo sababu kisa hiki hunitetemesha kila ninapokisimulia.

Katika mji huo aliishi mchimba visima aliyeitwa Maisara bin Dihya. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, mpenda kula, mpenda watu, na akikualika kwake ujue hutoki mpaka mkanda ulegee. Mkewe aliitwa Rumaitha, na Mungu aliwaruzuku mtoto mmoja tu, Utba, kijana aliyekwisha kuchumbiwa na aliyefanya kazi ya baba yake. Kazi hiyo hufanywa na wawili. Mmoja hushuka shimoni na sururu, mwingine husimama juu ameshika kamba, na uhai wa aliye chini umo mikononi mwa aliye juu.

Siku moja Utba alikuwa chini na baba yake yuko juu. Kuta za kisima zikaporomoka. Maisara alivuta kamba kwa nguvu zake zote, na kamba ikaja nyepesi.

Mji mzima ulikimbilia pale. Walichimba kwa majembe na kwa mikono, lakini kila walipotoa mchanga, mwingine ulimiminika, na mtu wa pili akanusurika kufukiwa. Sheikh Qudama, imamu wa mji, akaamuru kazi isimame kwa kuchelea roho za watu, na kisima kikafunikwa. Hakuna anayeweza kumlaumu kwa hilo, maana aliamua kwa haki na aliamua huku analia.

Sasa sikiliza ada ya watu wa Sumra, kwa sababu hapo ndipo msiba ulipozaa msiba. Kwao taazia hutolewa kwenye lango la makaburi, watu wanapotoka kuzika. Wafiwa husimama langoni, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, huwapa mkono na kuwaombea subira. Baada ya hapo ndipo majirani hupika, mikeka hutandikwa, na watu hukaa na wafiwa, wakalia nao, wakamtaja maiti kwa mema yake. Ada nzuri, wallahi. Lakini Utba hakuzikwa. Palisemwa, "Tungoje mwili upatikane, tumsalie, tumzike, kisha tuwape mkono wazazi wake." Mwili haukupatikana. Basi kila mmoja akamngoja mwenzake, na wote wakaingoja siku isiyokuja.

Rumaitha alitandika mikeka uani kwake, akaketi, na hakuna aliyeingia. Si kwa ubaya. Waliona haya kuingia nyumba ya msiba usiokamilika, na walipomkuta njiani walimwamkia kama siku zote, kisha wakatazama chini. Husemwa penye wengi hapaharibiki neno. Pale walikuwapo wengi, tena wema watupu, na neno likaharibika.

Maisara akaanza kubadilika. Aliacha kula, na watu wakasema, "Anafunga." Usingizi ukamtoka, akawa huonekana akizunguka nje ya nyumba yake saa zote, nao wakasema, "Usiku wake wote ni ibada." Aliacha kusema na watu, wakasema amejiepusha na upuuzi wa dunia. Nguo zikamchakaa mwilini naye hakuzibadili, wakasema, "Hiyo ndiyo zuhudi, kuipa dunia kisogo, tuliyokuwa tukiisoma, leo tunaiona." Alikuwa akienda kwenye visima vya mji, kimoja baada ya kingine, akiinama na kuita kwa sauti ndogo ndani ya giza la maji, na hapo watu walitetemeka na kusema ya kuwa anasema na viumbe wasioonekana. Mtu yeyote angejua anamwita nani, kama angemwuliza. Hawakumwuliza.

Likatokea na jambo la kisima cha upande wa mashariki, ambacho maji yake yalikuwa machungu miaka mingi. Maisara alikilalia kisima hicho akalia mchana kutwa, na muda si mrefu maji yakawa matamu. Mwaka ule mvua ilikuwa imenyesha sana milimani, jambo ambalo hata mbuzi wa Sumra walilijua kwa kuyaona majani. Lakini mtu anayetafuta karama hana haja na mvua. Ijumaa iliyofuata Sheikh Qudama akapanda mimbari, machozi yakimtoka kwa furaha, akawaambia watu ya kuwa Mwenyezi Mungu ameukirimu mji wao kwa walii, naye ni Maisara bin Dihya.

Basi watu wakaanza kuja, kwanza wa Sumra wenyewe, kisha wa miji ya karibu, kisha misafara kutoka mbali. Walimketisha kwenye kibaraza kando ya msikiti, wakambusu mikono, wakamletea wagonjwa na wagumba na wenye kesi. Walikata vipande vya kanzu yake kwa kutaka baraka, na baridi ya kipupwe ikamkuta amebaki na matambara, meno yakigongana, nao wakasema anatetemeka kwa kumcha Mungu. Walimletea sinia za nyama na wali. Alipozisukuma kwa mkono bila kuonja, walizigombania, wakala wao kwa kuwa mkono wake umezigusa. Nimeuliza mara nyingi kama sehemu hii ni ya kweli, nikitumaini nitaambiwa hapana. Mtu alikuwa akifa kwa njaa katikati ya masinia, na watu waliomzunguka walishiba na kumshukuru.

Rumaitha ndiye peke yake aliyeona. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naye alikuwa na uchungu wa mwana na wa mume kwa pamoja. Akajitanda ushungi wake akaenda kwa Sheikh Qudama, akasimama nyuma ya pazia kama ilivyokuwa adabu yao.

"Sheikh wangu," alisema, "nakuja kwako kwa sababu sina ndugu. Mume wangu anaumwa."

"Anaumwa nini, bibi? Homa?"

"Si homa. Roho yake inaumwa. Halali, hali, na nikimwita hanitambui. Jana nilimwosha nikahesabu mbavu zake. Nakuomba uwakataze watu wasije tena, ili nimpeleke kwa tabibu."

Sheikh akamjibu kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Mche Mungu, mama Utba. Najua ni vigumu kwa mwanamke kuachwa na mumewe akiwa ndani ya nyumba. Lakini Mola amemchagua. Usiwe wewe pazia kati ya mja na Mola wake."

Rumaitha akarudi nyumbani. Habari za kwenda kwake zilipoenea, wanawake walimwambia anamwonea wivu mumewe kwa daraja aliyopewa. Wengine waliacha hata kumsalimu. Hakujibizana nao. Kila jioni alikwenda kibarazani na kibakuli cha uji chini ya ushungi, akangoja wageni wapungue, akamlisha vijiko viwili vitatu alivyokubali, na hiyo ndiyo iliyomweka Maisara hai. Watu walidhani anakwenda kutaka baraka kama wao.

Kisha wazee wa mji wakakutana. Walihofu walii wao akifa, watu wa mji mwingine wasije wakadai kumzika. Wakakata shauri wamchimbie kaburi angali hai, ubavuni mwa msikiti upande wa kibla, na juu yake wajenge kuba. Kwa wakati ule waliliona jambo la heshima kubwa. Wakachimba kaburi, wakalainisha kuta zake, wakaweka miadi na mafundi wa mawe, wakaenda zao kulala wakiwa na furaha ya watu waliokamilisha wema.

Asubuhi yake, jua likiwa limekwisha kupanda, aliyekuja kufagia uwanja wa msikiti alichungulia kaburini akaanguka kwa mshtuko. Maisara alikuwa amelala ndani, ubavu wa kulia, uso ameuelekeza kibla, mkono chini ya shavu. Macho yalikuwa wazi. Alipowaona watu wamejaa ukingoni, alisema maneno ya kwanza waliyoyasikia kwake waziwazi tangu kisima kiporomoke.

"Mmechelewa," alisema. "Nimewangoja tangu alfajiri. Fukieni."

Ungetarajia, ndugu yangu, kwamba hapo watu wangeshtuka, wakaruka shimoni wakamtoa. Nami nilitarajia hivyo. Wallahi nilipoifikia sehemu hii mara ya kwanza nilifunga kinywa kwa mkono. Mzee mmoja aitwaye Jundubu, mtu wa heshima na wa sadaka nyingi, aliinua mikono akasema, "Amejulishwa siku yake." Na umati wote ukaitikia kwa takbira. Wakatandika mikeka kulizunguka kaburi. Wakafungua misahafu. Mmoja akaenda nyumbani akaleta sanda mpya, akaiweka imekunjwa ukingoni. Wakaketi wakisoma kwa sauti nzuri, wakimngoja aliye hai awe maiti, na ndani ya nyoyo zao waliamini wanatenda jambo ambalo Mungu analipenda.

Akaitwa Sheikh Qudama. Alikuja mbio, akapasua umati, akatazama chini. Wapokezi wanasema aliganda. Alikwisha kuzika watu wengi katika maisha yake, lakini ilikuwa mara yake ya kwanza kuona macho yanamtazama kutoka ndani ya kaburi.

Rumaitha naye alikuwa amefika. Alikuwa na kibakuli chake cha uji mkononi, akitoka kumtafuta mume kila mahali. Watu walimpisha wakidhani anakuja kuaga. Hakulia. Aliketi ukingoni, miguu ikining'inia kaburini, akamgeukia imamu mbele ya watu wote, bila pazia.

"Sheikh Qudama," alisema, "naomba ruhusa ya kuuliza."

"Uliza, bibi."

"Mtu huyu umemjua kwa muda gani?"

"Tangu utoto wetu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Sheikh akababaika. "Alikuwa... alikuwa mtu wa furaha. Alikuwa akitushibisha sote."

"Na alibadilika lini?"

Waliokuwa wakisoma waliacha kusoma, mmoja mmoja.

"Mimi nilimzaa Utba," Rumaitha akaendelea, na sauti yake haikupanda. "Kisima kilimmeza mwanangu, na nyinyi mlikuwako. Nani katika nyinyi alinipa mkono? Nani alimwambia huyu, 'Mungu akupe subira, Maisara'? Mmembusu mikono yake hiyo mpaka ngozi imechubuka. Kuna mmoja wenu aliyeishika kumpa pole?"

Wapokezi wamehitilafiana kuhusu mambo mengi ya kisa hiki, lakini hapa wameafikiana: watu waliinamisha vichwa, na walisikia udongo ukidondoka kutoka ukutani mwa kaburi. Mji mzima uligundua kwa mara moja ya kuwa haukutoa taazia. Walikuwa wamekisahau kitu ambacho wangempa hata mpita njia.

Sheikh Qudama akapiga magoti. "Maisara," alisema, "ndugu yangu, umeingia humo unataka nini?"

Maisara akamjibu kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Kijana yuko chini, na mimi niko juu. Si haki. Niliishika kamba, Qudama. Nilikuwa nimeishika."

"Na maneno unayosema visimani?"

"Namwita. Visima hukutana huko chini. Nilidhani kimoja kitamfikishia."

Hapo Jundubu akainama sikioni mwa imamu. Alimwambia kwa sauti ya chini, lakini waliokuwa karibu walisikia. "Sheikh, usiharibu. Nchi nzima imemwamini. Ukisema leo ya kuwa mtu huyu ni mgonjwa, watatucheka, na wewe ndiye uliyemtangaza mimbarini. Mwache aende kwa Mola wake akiwa na heshima. Hata mwenyewe anataka."

Huu ndio mtihani wenyewe. Wengine hujaribiwa kwa moto na wengine kwa upanga, na Sheikh Qudama alijaribiwa kwa jambo dogo la kukiri mbele ya watu ya kuwa amekosea. Angenyamaza tu, Maisara angekufa walii, mji ungepata kuba, naye angezikwa karibu nalo akiheshimiwa. Alitazama sanda iliyokunjwa. Akaichukua, akamrudishia aliyeileta.

"Enyi watu wa Sumra," akasema, "nisikilizeni, na mnishuhudie mbele ya Mungu siku ya Kiyama. Nimewaambia maneno ambayo sikuyajua. Niliona mtu aliyevunjika, nikamwita walii, kwa sababu kuwa na walii kulinifurahisha kuliko kumwuguza jirani. Mkewe alinijia na ukweli, nikamrudisha. Mtu huyu hafungi, hana hamu ya kula. Hasimami usiku kwa ibada, usingizi umemkimbia. Ni mgonjwa, na sisi tulikuwa tukimwua kwa heshima."

Kisha akavua joho lake la uimamu, akashuka kaburini. Nafasi ilikuwa ndogo, akaketi amekunja magoti kifuani, udongo ukimchafua, akautwaa mkono wa Maisara kwa mikono yake miwili. Hakuubusu. Akamwambia maneno ya taazia, yale yale yanayosemwa langoni: "Mwenyezi Mungu aukuze ujira wako, aifanye njema subira yako, amsamehe Utba na amrehemu." Akarudia, "Amrehemu Utba."

Maisara alikuwa hajasikia jina hilo kinywani mwa mtu mwingine ila mkewe tangu siku ile. Alimtazama Sheikh kwa mshangao wa mtu aliyeamshwa. Kisha akalia kwa sauti, na hakikuwa kile kilio cha visimani. Alilia kama wanavyolia watu msibani, na Sheikh akalia naye.

Watu wakajipanga. Walishuka mmoja baada ya mwingine, wengine wakalala kifudifudi ukingoni wakanyoosha mikono, kila mmoja akampa mkono Maisara na kumtajia mwanawe. Rumaitha naye wakampa pole, wanaume kwa maneno na wanawake kwa kumkumbatia, na hapo ndipo yeye alipoangua kilio. Jundubu alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya Rumaitha, akavua kilemba chake akakiweka chini. Rumaitha akamwambia, "Vaa kilemba chako, baba. Niletee mtu wa kunisaidia kumtoa."

Siku ile ile walikwenda kwenye kisima kilichofunikwa, wakamsalia Utba pale alipo, na kutoka hapo wakapita kwenye lango la makaburi ili ada itimie.

Usidhani, msomaji, ya kuwa Maisara alitoka kaburini amepona. Hadithi zetu hupenda kumaliza pale penye machozi, na maisha hayaishii pale. Aliletwa tabibu kutoka mji wa jirani, mzee mkavu asiyecheka, akampima mapigo, akamtazama ulimi, akauliza maswali mengi ambayo hayakuwa ya dini. Akaacha dawa za mizizi za kunywa, kisha akawaambia wazee: "Ugonjwa huu haujaja kwa siku moja, na hautaondoka kwa siku moja. Ale kidogo kidogo. Aote jua la asubuhi. Asiachwe peke yake, wala asisongwe. Na atakayemwambia ajikaze, mtoeni nje." Pakatokea mtu wa kuuliza kama muumini wa kweli anaweza kuumwa roho. Sheikh Qudama akamjibu kabla ya tabibu: "Yuko nabii aliyemlilia mwanawe hata macho yakaingia weupe. Wewe imani yako ni kubwa kuliko yake?"

Wakagawana zamu, na hii ilikuwa ibada yao mpya. Wanawake wa mtaa walipika, na wawili walikuja kila mchana wakamlazimisha Rumaitha alale, kwa sababu yeye naye alikuwa amechoka hadi mifupani na hakuna aliyekuwa amefikiri juu yake. Wanaume walimchukua Maisara katika kazi nyepesi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulifukia lile kaburi, yeye na wao, na kuba halikujengwa. Wageni walipofika kumtafuta walii, walinzi wa lango waliwaambia, "Walii hatuna. Tunaye jirani mgonjwa, mwombeeni." Wengine walirudi na matusi. Mji ukachekwa masokoni, kama Jundubu alivyosema. Wakavumilia.

Zilikuwako siku alizorudi nyuma. Alikaa wiki nzima amegeukia ukuta, au alionekana tena ameinamia kisima. Hapo ambaye ilikuwa zamu yake alikwenda akaketi kando yake, asimvute wala asimhubirie, mpaka Maisara mwenyewe aseme, "Twende." Wapo waliochoka. Sheikh Qudama mwenyewe alisema siku moja kwamba anaona kama wanachota maji kwa pakacha, kisha akaenda zamu yake. Jundubu hakukosa hata moja, na wapokezi wanasema Maisara alicheka kwa mara ya kwanza baada ya mzee huyo kuanguka na ndoo ya tope mbele ya watu. Jundubu alisema hajawahi kuanguka anguko lenye baraka kama lile.

Ukapita mwaka na sehemu ya mwaka. Akafika Sumra mwanachuoni mmoja msafiri, akawa mgeni wa Sheikh Qudama. Adhana ya alfajiri ilipoadhiniwa, wawili hao walitoka kwenda msikitini, na walipoingia kichochoro kimoja mgeni akaona ajabu. Wanaume waliokuwa mbele yao walikuwa wakivua viatu, wakivishika mkononi, wakipita miguu mitupu juu ya changarawe, kimya kabisa. Mlangoni mwa nyumba moja amesimama mwanamke, mtandio umefunika kichwa, kidole chake kiko midomoni.

"Kuna maiti humu?" mgeni aliuliza kwa mnong'ono.

"Kuna mtu amelala," Sheikh akamjibu, naye akawa anavua viatu vyake.

Mgeni akashtuka. "Amelala, na adhana imekwisha? Mnapita mlangoni kwake, imamu na maamuma, na hamumwamshi? Hamjasikia muadhini akisema sala ni bora kuliko usingizi?"

"Kwangu na kwako, ndivyo," alisema Sheikh Qudama. "Lakini aliyelala kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa kwake mpaka aamke. Ataamka, na atasali. Huyu alimpoteza mwanawe, na tangu siku ile huu ndio usiku wake wa kwanza kulala mpaka asubuhi. Msikilize."

Mgeni akatega sikio. Ndani ya nyumba, mtu alikuwa akikoroma kwa sauti kubwa, bila aibu. Na imamu wa Sumra alikuwa amesimama gizani, viatu mkononi, machozi yakimtiririka ndevuni kwa kufurahi kwamba muumini mmoja anapitwa na sala ya jamaa. Mgeni alimtazama, akamtazama mwanamke mlangoni, kisha akainama akafungua kamba za viatu vyake.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote, na atusamehe sisi. Sisi ni wepesi wa kuwasifu watu kwa ukimya wao, kwa subira yao, kwa kutosumbua mtu. Tunasema, "Fulani ana imani, hata machozi hakutoa." Mwangalie tena huyo fulani. Leo hii, kabla hujamwomba dua, mwulize kama amekula, mwulize kama amelala, na umtaje kwa jina aliyempoteza.